Shaba Gani, ya Lini? Mhadhara kwa Wakazi wa Lemon Gaba, Juba

Nitasema Kiswahili kwa sababu wengi wenu mlirudi nacho kutoka Kakuma, Arua na Kiryandongo, na tangu 2016 nchi yenu imo ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa hiyo lugha hii si mgeni tena hapa. Atakayekwama, jirani yake amtafsirie kwa Kiarabu cha Juba.

Nataka tuanzie shimoni. Mtaa unaojengwa huanza na mashimo: la msingi, la choo, la kisima. Tuseme kesho asubuhi mchimbaji amezama hadi kiunoni, sululu inagonga kitu kisicholia kama jiwe. Anakiokota. Ni kipande bapa cha urefu wa kidole, kimevunjika ncha zote mbili, kinene katikati na chembamba pembeni, kijani kama maji yaliyolala mtungini. Kabla ya saa sita mtaa mzima umeshajua kwamba imepatikana silaha ya shaba ya watu wa kale. Kabla ya magharibi kuna mtu ameshataja bei.

Nimeombwa nieleze jinsi wanaakiolojia wanavyokijibu kipande kama hicho: ni cha nini, cha madini gani, cha lini. Nitakieleza kana kwamba kiko hapa mezani.

Lakini kuna jambo linalotangulia elimu yote. Mji huu umepiganiwa. Kuna vita vya 1955 hadi 1972, vya 1983 hadi 2005, mashambulizi ya katikati ya 1992, Desemba 2013, Julai 2016. Kombora la mzinga huvishwa pete ya shaba kiunoni, ili pete hiyo ing'ang'anie mifuo iliyochongwa ndani ya mtutu na kulizungusha kombora linapotoka. Likipasuka, pete hukatika vipande, na kila kipande hubaki na mistari ya mshazari iliyopangika vizuri mno, mistari ambayo asiyejua ataiita nakshi. Kipe miaka thelathini ya mvua za hapa, kitakuwa kijani kama cha Farao. Basi kipande kilichopinda kama ukingo wa bakuli, chenye mistari ya mshazari upande wa nje, ni pete. Na ukiona ukijani huo umekizunguka chuma kinene ambacho bado kimefukiwa, pete haijakatika, maana yake kombora halijapasuka. Toka polepole, zuia watoto, waite wanaotegua mabomu. Kwako wewe mhadhara umeishia hapo.

Sasa tuseme si pete.

Kiswahili hapa kinatuangusha kidogo, kwa sababu neno shaba limebeba mizigo mitatu. Watu wa pwani walitofautisha shaba nyekundu, ambayo ni shaba tupu, na shaba nyeupe, iliyochanganywa na zinki, ile ya masinia na midila ya kahawa. Ya tatu, shaba iliyotiwa bati, vitabu huiita shaba nyeusi au bronzi. Leo nitasema bronzi ili tusipotezane. Mtaani hakuna anayejali. Mkimbiaji wa tatu huvishwa medali ya shaba na hakuna anayeuliza ndani yake mna nini, na siwa maarufu ya Lamu, lile baragumu lililo katika makumbusho ya kule, huitwa ya shaba na mazungumzo yakaisha. Kiarabu chenu nacho kina nahas, neno lililobeba madini, na pia ngoma kubwa za vita za masultani wa Sudan. Ramani nayo imelihifadhi: Hofrat en Nahas, shimo la shaba, kule Kafia Kingi, Darfur inapopakana na Bahr el Ghazal, eneo ambalo nchi zote mbili bado zinalidai. Nitarudi huko.

Mwenye kipande anataka kujua ni shaba ipi kati ya hizo tatu, na jambo la kwanza atakalofanya ni kukisugua. Nawaomba msisugue. Pwani bibi zetu waling'arisha masinia kwa ndimu na majivu, na mtaa wenyewe hapa umebeba limau katika jina lake, kwa hiyo kishawishi kipo karibu. Lakini chumvi za shaba huua vijidudu vinavyoozesha. Uzi wa ala, ngozi ya mshikio, kibanzi cha mpini, vyote vilivyooza mahali pengine vinaweza kusalia vimegandamana na kutu ile ya kijani, vidogo kama ukucha wa mtoto. Tukifika kwenye swali la umri mtaona kwamba kibanzi hicho kina thamani kuliko kipande chenyewe. Limau hukitoa kwa dakika tano.

Kipimo cha bure ni sumaku. Ikinasa, ni chuma, na rangi ya kijani imetoka kwingine. Isiponasa, endelea kwenye mizani. Pima kipande hewani, kisha kining'inize kwa uzi ndani ya maji upime tena. Kikiwa na gramu 88 hewani na kikapungua gramu 10 majini, uzito wake ni mara 8.8 ya maji, na huo ndio uzito wa bronzi ya kawaida yenye bati asilimia kumi. Shaba nyeupe hukaribia 8.4 au 8.5, shaba tupu 8.9, chuma 7.8. Kipimo hiki ni kizuri kwa madini safi. Kwa kitu kilicholiwa na udongo hudanganya, kwa sababu kutu ni nyepesi na ina matundu, na bronzi ya kale iliyochakaa inaweza kusoma kama shaba nyeupe ya juzi. Nakipenda hata hivyo, maana mtu anaweza kukifanya kwa mizani ya duka na ndoo.

Katika maabara kuna mashine ya mionzi ya eksirei inayosoma madini yaliyomo bila kukata. Macho yote hapo huenda kwenye zinki, na sababu ni tamu. Zinki huchemka kwenye nyuzi 907. Joto linalohitajika kuitoa kwenye mawe yake ni kubwa kuliko hilo, kwa hiyo katika tanuri la wazi huzaliwa ikiwa mvuke na kupotea na moshi. Warumi walitumia hila ya kufungia mawe ya zinki na vipande vya shaba ndani ya chungu kilichozibwa, mvuke ukaingia ndani ya shaba; lakini kwa njia hiyo zinki huishia karibu asilimia 28. Kupita hapo kwa urahisi unahitaji zinki yenyewe mkononi. Mafundi wa Zawar, Rajasthan, walijua kuigandisha kutoka mvukeni. Ulaya ilichelewa hadi William Champion wa Bristol alipopata hataza yake mwaka 1738. Ganda la risasi lina shaba 70 na zinki 30. Kwa hiyo mashine ikisoma zinki 30 na bati hakuna, hatuzungumzii watu wa kale. Tunazungumzia ganda lililofuliwa likawa kitu kingine, pengine bangili, pengine kisu cha mapambo.

Mashine ikisoma bati, msishangilie mapema. Bushi za injini hutengenezwa kwa bronzi, mafundi wa magari wanalijua hilo, na meli za mvuke zilizopanda na kushuka Nile zilijaa bronzi. Linalotenganisha bronzi ya zamani na ya kiwandani mara nyingi ni uchafu. Wahunzi wa kale waliyeyusha mawe yakaja na ndugu zake: aseniki, antimoni, nikeli, fedha kidogo. Mwaka 1865 James Elkington alipata hataza ya kusafisha shaba kwa umeme, na tangu njia hiyo ienee shaba ya viwandani imekuwa safi kupita kiasi. Usafi huo ni tarehe. Madini yakiwa masafi mno, aliyeyatengeneza alikuwa na umeme.

Umbo nalo lina maneno yake. Jambia la bronzi huanzia kwenye kalibu: bronzi iliyoyeyuka humiminwa, ikipoa huacha vitundu vidogo vya hewa, na pengine mshono mwembamba pale nusu mbili za kalibu zilipokutana. Kisha makali hugongwa baridi ili yawe magumu. Angalieni mikuki ya wafugaji wa nchi hii. Ile sehemu ya kuingizia uti, mhunzi huikunja kutoka kwenye bapa la chuma kama mtu anavyokunja karatasi ya karanga, na ufa wake unauona kwa macho. Mkuki wa bronzi uliomiminwa hauna ufa huo. Tundu limezaliwa likiwa duara. Kipande chetu cha mezani kimevunjika pande zote, hakina tundu wala msuka. Kilichobaki ni bapa lenye mgongo katikati. Mgongo huo unaweza kuwa wa jambia la miaka elfu tatu na mia tano, unaweza kuwa wa kisu cha babu yako.

Nimetaja miaka elfu tatu na mia tano kwa makusudi, kwa sababu huko ndiko mawazo ya watu huenda. Shuleni tulikaririshwa Zama za Mawe, Zama za Bronzi, Zama za Chuma, kama vituo vya basi ambavyo kila msafiri sharti apite. Aliyepanga vituo hivyo ni Christian Jürgensen Thomsen wa Copenhagen, katika kitabu cha mwaka 1836, na alichokuwa akipanga ni makabati ya makumbusho ya Denmark. Huko mpangilio ulifaa. Sehemu kubwa ya Afrika kusini ya Sahara iliruka kituo cha katikati, ikatoka kwenye mawe hadi chuma. Bati lilikuwepo: Karagwe, Rwanda, Manono. Shaba ilikuwepo: Kilembe, Katanga. Mafundi wa Katanga waliimimina katika umbo la msalaba, ikatumika kama fedha na kuzikwa na wafu kule Sanga. Hawakuichanganya na bati, na sioni sababu ya kuwaonea huruma. Chuma kilikuwa kigumu kuliko shaba tupu na mawe yake yako kila mahali.

Silaha za bronzi za Nile ziko kaskazini. Kerma, karibu na maporomoko ya tatu, George Reisner alichimba kati ya 1913 na 1916 makaburi makubwa ya duara, akakuta majambia yaliyofungwa kwenye mishikio kwa misumari midogo, vichwa vya mishikio hiyo vikiwa vya pembe ya ndovu. Baadaye Charles Bonnet wa Uswisi alifukua karakana ya bronzi katikati ya mji huo huo, pamoja na tanuri lake lenye mifereji ya moto. Kwa hiyo hayakuwa majambia ya kuletwa na Wamisri tu. Wanubi waliyafua wenyewe, mpaka majeshi ya Misri yalipouangusha ufalme wao karibu mwaka 1500 KK. Ni Waafrika, ni mto huu huu mnaooga. Naelewa kabisa mtu wa Juba anayetaka kipande chake kiwe kimetoka huko.

Tatizo ni kwamba kati ya Kerma na hapa kuna zaidi ya kilomita 1,600 kwa mstari ulionyooka, na katikati yake limelala bwawa la Sudd, lililowazuia hata wenye meli hadi Salim Qapudan, nahodha wa Misri, alipopenya na kufika nchi ya Wabari mwaka 1841. Timu za Taasisi ya Uingereza ya Afrika Mashariki, zilizozunguka kusini mwa Sudan mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980, zilichimba mapango ya Equatoria na vilima vya makazi vya Bahr el Ghazal, kama Dhang Rial karibu na Wun Rok. Walichokuta ni vyungu, vifaa vya mawe, mifupa ya ng'ombe, na juu yake chuma. Tabaka la bronzi halimo.

Je, silaha ya shaba basi haiwezekani huku? Inawezekana sana, na hapa ndipo nilipotaka kufika. Mwaka 1870 Mjerumani Georg Schweinfurth aliingia katika baraza la Mbunza, mfalme wa Mangbetu, ng'ambo ya mpaka wenu wa Kongo. Nyuma ya kiti cha mfalme aliona mikuki kwa mamia, ya shaba tupu inayong'aa, imepangwa kama maonyesho. Mfalme mwenyewe alikuwa amevikwa shaba tangu kichwani hadi miguuni. Ilitoka wapi? Wafanyabiashara wa Khartoum walilipia pembe kwa shaba, na shimo lile la Hofrat en Nahas lilikuwa likilisha nchi hizi kwa muda mrefu. Kwa hiyo silaha za shaba za eneo hili zipo, zimeandikwa na shahidi wa macho, na zina umri wa bibi wa bibi yako. Ukivunja mkuki mmoja wa Mbunza ukaufukia, leo utatoka kijani, bapa, wenye mgongo katikati, na mtu wa haraka ataapa ni wa enzi za Kerma. Mashine itasema shaba tupu, bila bati. Umbo litanyamaza. Na mimi kwa upande wangu ningeruka kwa furaha kuliko kama ungekuwa wa Kerma, kwa sababu jambia la Kerma tunalijua lilivyofanya kazi, lakini mkuki wa baraza la Mangbetu kufika ukingo huu wa Nile ni hadithi ya nani alimpa nani, na kwa nini.

Ongezeni na waliopita. Gondokoro, ng'ambo ya mto, palikuwa na misheni ya Wakatoliki, kisha soko la pembe na watumwa. Februari 1863 msafiri Samuel Baker aliwapokea hapo wasafiri wenzake Speke na Grant wakitoka chanzo cha mto. Wanajeshi wa Misri walikuja, wakafuata Wamahdi walioshika Rejaf. Wakafuata askari wa Leopold, mfalme wa Ubelgiji, chini ya Chaltin, waliowashinda Wamahdi hapo hapo Rejaf Februari 1897. Kila mmoja aliacha shaba yake: bangili, vifungo, maganda ya risasi, mapambo ya ala za panga.

Sasa umri. Hakuna mashine inayotazama shaba ikasema mwaka. Kipimo cha kaboni, alichokibuni Willard Libby baada ya vita vya pili, husoma kaboni ya kilichowahi kuishi, na shaba haina. Cha kuchekesha ni kwamba chuma huwa nayo, kwa kuwa kiliyeyushwa kwa makaa na makaa yakaingia ndani yake. Mhunzi wa Kibari alikuwa akitia tarehe kwenye kila jembe bila kujua. Shaba inategemea majirani: makaa ya jiko lililokuwa kando yake, mfupa, au kile kibanzi cha mpini nilichowasihi msikioshe kwa limau. Na hata kibanzi kina mipaka. Kwa vitu vya karne tatu zilizopita kipimo cha kaboni hujibu kwa kigugumizi, kinaweza kukupa 1680 au 1880 kwa uso uleule mkavu. Hapo sisi hukimbilia shanga. Shanga za kioo za Venice zilibadilika mitindo kama vitenge, na shanga moja kwenye tabaka moja na kipande inaweza kusema zaidi ya maabara mbili.

Tabaka moja, nasisitiza. Mwaka 1944 mwanajeshi wa Australia, Maurie Isenberg, aliokota sarafu tisa kwenye mchanga wa visiwa vya Wessel, kaskazini ya nchi yake. Baadaye ikatambulika kwamba tano ni za shaba za masultani wa Kilwa. Vichwa vya habari vikasafiri: Waswahili waligundua Australia! Lakini nne zilizobaki zilikuwa za Kampuni ya Kiholanzi ya India Mashariki, za karne kadhaa baadaye. Kama zote ziliangushwa na mkono mmoja, basi ziliangushwa baada ya ile changa kabisa kutengenezwa. Mfuko haupimwi kwa sarafu yake kongwe. Kama kando ya kipande chetu kuna kifuniko cha soda, kipande kinaweza kuwa cha Kerma na bado kimeingia ardhini mwaka jana, kikiwa mfukoni mwa mtu.

Mnaona basi ninavyomwonea kijicho Isaiah Anozie. Mwaka 1938 alikuwa anachimba birika la maji uani kwake, Igbo-Ukwu, Nigeria, akakutana na vyombo vya bronzi vya ustadi wa ajabu. Baadhi viligawanywa kwa majirani, vingine vikanunuliwa. Mwanaakiolojia Thurstan Shaw alifika kuchimba 1959, miaka ishirini na moja baadaye, na ilibidi atafute kwenye udongo ambao haujaguswa, kando ya ule uliokwisha kuchimbwa. Makaa na vitu alivyopata humo viliipa Igbo-Ukwu karne ya tisa, na wataalamu wengine waligoma kuamini kwa miaka mingi, kwa sababu hawakutegemea bronzi ya namna ile kwa wakati ule mahali pale. Kwa hiyo mimi niliyewaambia kwamba tabaka la bronzi halimo huku, nasema hivyo nikijua kuna watu waliowahi kusema vivyo hivyo kuhusu nchi nyingine wakaaibika.

Mkinilazimisha niweke dau kwa kipande chochote cha kijani kitakachotoka kwenye mashimo ya mtaa huu, na naona wale wa nyuma wanataka nilitaje, kwanza ningesema pete ya kombora au ganda la risasi lililofuliwa. Pili, pambo la ala ya upanga wa askari wa Misri au wa Mahdi. Tatu, kwa mbali, shaba tupu ya njia ya Mangbetu. Jambia la Kerma lingekuwa la mwisho, nyuma sana, nami ningefurahi kulipa.

Lakini dau silipi wala sipokei kwa kutazama mezani. Mtu akija kesho na kipande chake kimefungwa kwenye kitambaa, nitakitazama kwa heshima, nitamwambia asikioshe, halafu nitamwomba ngazi na tochi, na anionyeshe shimo, kama bado hajalijaza zege.